Kaka yangu anakunywa kila usiku tangu afiwe na mkewe. Tumsaidieje?

WifiMtu:
Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu.

Kaka yangu mkubwa ni fundi umeme hapa Mwanza. Wifi alifariki wakati wa kujifungua mwaka jana, mtoto akapona, sasa analelewa na mama yetu. Msibani watu walijaa mpaka nje ya turubai. Baada ya arobaini kila mtu akashika njia yake, na hapo ndipo alipoanza. Zamani alikuwa mtu wa bia mbili za Jumamosi na wenzake. Sasa ananunua pombe kali, anajifungia na kunywa peke yake mpaka usingizi umchukue. Asubuhi mikono inatetemeka, hashiki bisibisi mpaka azimue.

Kikao cha ukoo tumefanya, baba mdogo kamfokea, mchungaji kaja. Analia, anaahidi, wiki haiishi karudia. Juzi kaniambia, "Mdogo wangu, hii chupa peke yake ndiyo hainiambii nijikaze." Nikakosa la kumjibu. Mtu ana ndugu wote hawa, kwa nini akimbilie pombe?

Chuma_Kahama:
Mnambembeleza sana. Mnyang'anyeni kadi ya benki, mfungieni ndani wiki nzima, atazoea.

MamaWawili:
Kaka Chuma, hapana. Viroba, zile pombe kali za kwenye vifuko vidogo, vilipopigwa marufuku Machi 2017, kijijini kwetu waliokuwa wanavinywa walihamia kwenye gongo. Kilichokuwa kinawanywesha hakikuondoka.

Mdogo wangu, mimi ni mjane. Pombe sijaonja, ila nilishikwa na kubeti kwenye simu. Wala sikuwa nafuata hela. Saa nane usiku, upande wa pili wa kitanda hakuna mtu, zile dakika za kusubiri matokeo ndizo pekee nilizokuwa siwazi. Watu walinipa pole nyingi, lakini nikimtaja marehemu wanabadilisha mazungumzo, eti wasinitoneshe kidonda. Shoga yangu mmoja akawa anakuja jioni, tunapika wote, ananiacha nimseme mume wangu nitakavyo, hata mambo yake ya kuchekesha. Simu nikaanza kuisahau mezani. Kaka yako kakwambia wazi anachokikosa. Nani kati yenu ameshakaa naye akamuuliza habari za mkewe?

NesiZamuUsiku:
Nafanya kazi wodi ya afya ya akili. Pombe hupoza ubongo, hofu na majonzi yanapungua ndani ya dakika chache. Hakuna ndugu anayeweza kufariji kwa kasi hiyo, ndiyo maana inashinda. Lakini ikinywewa kila siku, ubongo nao hujiongezea kasi ili ulingane nayo. Pombe ikiisha mwilini ile kasi inabaki: mitetemo, jasho, moyo kwenda mbio, usingizi kukatika alfajiri, na hofu kuliko ya jana. Basi anakunywa tena kutibu kilicholetwa na pombe yenyewe.

Mazingira nayo yana nguvu. Mtafiti Lee Robins aliwafuatilia askari wa Marekani waliorudi kutoka Vietnam mwaka 1971. Karibu 1 kati ya 5 alikuwa mraibu wa heroini kule vitani, lakini mwaka wa kwanza nyumbani ni takriban 5 tu kati ya kila waraibu 100 waliorudia uraibu. Kaka yako yeye bado yuko kwenye chumba kilekile alicholala na mkewe.

Na tafadhali MSIMFUNGIE. Mtu anayetetemeka asubuhi akikatishwa pombe ghafla anaweza kupata degedege, akachanganyikiwa, hata akafa. Siku mbili tatu za mwanzo ndizo mbaya zaidi. Mpelekeni hospitali, wampe dawa huku wanamwangalia.

Chuma_Kahama:
Hilo la degedege sikulijua. Asante nesi, nimefuta kauli.

WifiMtu:
Asanteni sana. Ni kweli, nyumbani jina la wifi hatulitaji, tulidhani tunamhurumia. Kesho nampeleka hospitali ya Bugando. Je, nimletee mtoto akae naye?

NesiZamuUsiku:
Mchana, bibi akiwepo, ndiyo, tena akiwa hajanywa. Kulala naye bado, subirini amalize dawa. Na leo usiku asilale peke yake. Akianza kuona visivyokuwepo au kukakamaa, msingoje kesho.

MamaWawili:
Lala kwake wewe, mdogo wangu. Nenda na picha za harusi.