Re: Vitanda vya zahanati Sengerema: kontena au fedha?

Kutoka: Columbus, Ohio

Mwangaluka wote. Shikamooni wakubwa.

Naleta jambo, naomba mawazo yenu. Sisi wa Sengerema tulioko Ohio tumepata vitanda 14 vya hospitali, vimetumika lakini bado vizima, na magodoro yake. Kijijini kwetu kuna boma la zahanati, jengo ambalo halijaisha, lililofika kwenye lenta tangu sijaondoka nyumbani. Tulitaka kukodi kontena, ila bei ya meli imetushtua, na mmoja wetu anasema bora tutume fedha. Ninyi wa Magu mlioko Uingereza mlimaliza mradi wenu wa kijijini mwaka jana. Mlianzia wapi?

Kutoka: Leicester

Marahaba, mdogo wangu. Umefanya vema kuuliza kabla hujalipa meli.

Nianze na kontena maana ndilo lenye haraka. Vifaa tiba, hata vikiwa vya msaada, vinataka kibali cha TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, kabla ya kuingia nchini. Usipokuwa na barua ya halmashauri inayosema inavihitaji na itavipokea, utahangaika sana bandarini, na kontena likikaa kupita siku zake unalipia kila siku inayoongezeka. Likishatoka hapo, kuna zaidi ya kilomita 1,100 za barabara kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza. Andika hayo yote kwenye karatasi, kisha uulize bei ya kitanda Bohari ya Dawa, ambao wana kanda yao palepale Mwanza. Fanyeni hesabu hiyo mkiwa pamoja, kila mmoja aione kwa macho yake. Sisi tulipoifanya, habari ya kontena iliishia siku hiyohiyo.

Lakini swali ninalotaka kukuuliza ni jingine. Nani nyumbani ameomba vitanda?

Nakuuliza kwa sababu sisi hatukuulizana. Tulikuwa watu 23 tukichanga paundi 10 kila mwezi, wengi wetu tunafanya kazi za kulea wazee, zamu za usiku, fedha ya jasho kabisa. Tulishaamua kwamba kijiji chetu kinataka zahanati. Boma lipo, wananchi walishapandisha kuta kwa nguvu zao, kilichobaki ni bati na milango. Tulichora hadi kibao cha kuweka mlangoni. Mimi ndiye niliyetumwa kwenda nyumbani Desemba kupeleka habari njema.

Mwenyekiti wa kijiji akanipokea vizuri, akaniambia habari hiyo hawezi kuipokea peke yake, ipelekwe mkutano mkuu. Nilidhani ni urasimu, na nikakasirika kimoyomoyo. Nimekuja kuelewa baadaye kwamba alikuwa anatulinda. Kwa Sheria ya Serikali za Mitaa Namba 7 ya mwaka 1982, mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi aliyefika miaka 18, unatakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu, na ndio wenye kauli juu ya halmashauri ya kijiji. Mtu aliyeko Leicester hana kura pale, na ni haki.

Tukakaa uwanja wa shule ya msingi. Nikaeleza bati, milango, rangi. Watu wakapiga makofi ya heshima. Kisha akasimama mama mmoja anayeanika dagaa mwaloni, pale ufukweni kunakoshushwa samaki, akauliza maji ya kusafishia hiyo zahanati yatatoka wapi, na kama ni yaleyale ya ziwani ambayo watoto wake wanayaoga na kuugua. Hakuongeza neno, akakaa. Baada yake walisimama wanawake saba, mmoja baada ya mwingine, na hakuna hata mmoja aliyezungumzia bati.

Wenzangu mliokulia mwambao mnajua walichokuwa wanasema. Ziwa Victoria liko hatua chache kutoka mlangoni, na maji safi hatukuwa nayo. Kichocho kinatoka kwa konokono wa majini: vijidudu vinatoka kwa konokono na kupenya ngozi ya mtu akiwa anachota, anaoga, anafua, au anavuta wavu wa kokoro. Shuleni watoto wanapewa dawa, wanapona, Jumamosi wanarudi ziwani, wanaambukizwa tena. Mimi mwenyewe nilimeza dawa hizo utotoni mara nyingi. Nilikuwa naona ni kawaida mtoto kuwa na tumbo kubwa. Ilinichukua kukaa kwenye nyasi za shule yangu ya zamani nikiwa mtu mzima ndipo nikaona kwamba tulikuwa tunawajengea pa kutibiwa ugonjwa ambao wao walitaka usiwafike kabisa.

Tena hata kwa upande wa zahanati walikuwa wametuzidi akili. Zahanati haifunguliwi kwa kuta na bati tu. Inataka choo, kichomea taka, shimo la kutupia kondo la nyuma, nyumba ya mganga, na maji. Bila maji, bati letu lingefunika jengo lililofungwa kwa kufuli.

Basi mkutano ukapitisha maji kwanza. Kazi ikagawanywa hivi. RUWASA, wakala wa serikali ambao tangu 2019 ndio wenye dhamana ya maji vijijini, walipima, wakachora na kusimamia mafundi. Kijiji kilitoa eneo la tenki na kuchimba mitaro yote ya mabomba. Kila kitongoji kilipimiwa sehemu yake, sungusungu, walinzi wa kijiji, wakashika daftari la mahudhurio, na asiyefika alilipa faini kwa kiwango walichokipanga wenyewe. Sisi tulinunua mabomba, pampu ya umeme wa jua na simtanki la lita 10,000. Fedha haikupita mkononi mwa ndugu yeyote, hata mwangu. Tulimlipa muuzaji wa Mwanza moja kwa moja, kwa ankara iliyosainiwa na kamati ya manunuzi ya kijiji, na mzigo ukapokelewa na watu watatu. Picha ya kila risiti ilibandikwa ubao wa ofisi ya mtendaji wa kijiji, nakala ikaja kwetu.

Vilula, yaani vituo vya kuchotea maji, havikuwekwa nilipodhani mimi. Sera ya Maji ya 2002 ilisema mtu asitembee zaidi ya mita 400 kufuata maji, na kilula kimoja kisizidi watu 250. Wanawake walitembea na mtaalamu siku nzima wakionyesha njia wanazopita kweli, na kilula kimoja kikahamishwa kutoka karibu na ofisi ya kijiji kikapelekwa njia ya mwaloni. Ofisi ilinuna kidogo.

Sasa upande wa huku ughaibuni, maana hapo ndipo tulipoumia. Mwanzoni michango ilikuwa inaingia kwenye akaunti yangu binafsi. Siku moja benki ikaifunga: fedha za watu 23 zinaingia, kisha zinatoka kwa mkupuo kwenda nje ya nchi, wakaona si kawaida. Nilikaa wiki sita bila mshahara wangu, nikikopa nauli ya kwenda kazini. Msirudie. Andikeni katiba fupi, fungueni akaunti ya kikundi yenye saini mbili, wekeni muhtasari wa kila kikao. Kwa England na Wales, kikundi cha hisani chenye kipato kinachozidi paundi 5,000 kwa mwaka kinatakiwa kujisajili, na kikitambuliwa na mamlaka ya kodi kinaweza kudai Gift Aid: peni 25 juu ya kila paundi ya mchangiaji anayelipa kodi. Sisi tulichelewa kujua, tukapoteza miaka miwili ya nyongeza hiyo. Kwa Marekani njia ni ya 501(c)(3), usajili wa mashirika ya hisani yasiyolipa kodi, muulizeni mhasibu.

Kutoka: Magu

Wanangu, salaam. Mimi ni mjomba wenu niliye kwenye jumuiya ya watumia maji hapa kijijini. Binti yangu wa Leicester ameeleza vizuri, ila ameruka jambo moja, nami naona ndilo kubwa.

Maji yana bei. Tulipoanza kutoza kwa ndoo ya lita 20 watu walilalamika sana, wakisema maji ni zawadi ya watoto wetu wa Ulaya, kwa nini tulipe? Wazee wenzangu tukawakumbusha visima vya HESAWA. Mradi ule wa Waswidi ulifanya kazi mikoa ya Mwanza, Mara na Kagera kuanzia 1985 hadi 2002, na ulituletea pampu za mkono nzuri. Yetu ilipoharibika hapakuwa na fedha ya spea wala fundi, na chuma chake bado kipo karibu na kwa marehemu kaka yangu, watoto wanakichezea. Hiyo ndiyo ilinyamazisha watu.

Pampu yetu mpya ilisimama mwezi wa tano baada ya kuzinduliwa. Hatukupiga simu Uingereza. Tulitoa fedha kwenye akaunti ya jumuiya, fundi akaja kutoka Magu mjini, siku ya tatu maji yakatoka. Wazee wasiojiweza na zahanati, itakapofunguliwa, watachota bila kulipa, hilo lilipitishwa mkutanoni.

Kwa hiyo ninyi wa Sengerema, msitume kitu ambacho kijiji hakijasema kitakitunza kwa fedha gani.

Kutoka: Leicester

Wabeja mjomba, umenirekebisha. Na kwa wanaouliza habari ya boma: bati za geji 28 zimepandishwa Machi, kwa mchango wa kijiji na halmashauri. Sisi tumeombwa shimo la kondo na kichomea taka tu, vitu ambavyo hakuna mtu anayevipigia picha. Tumekubali.

Kutoka: Columbus, Ohio

Asanteni sana, dada, na shikamoo mjomba. Nimesoma ujumbe wenu mara tatu, mara ya mwisho nikiwasomea wenzangu kwa simu.

Jana usiku nilimpigia mtendaji wa kijiji. Anasema mkutano mkuu uko wiki ya pili ya mwezi ujao, na tumeomba ajenda moja tu: kusikiliza. Dada yangu atatoka Mwanza kutuwakilisha. Kwa kuwa daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa tangu Juni 2025, atakwenda na kurudi siku hiyohiyo bila kungoja kivuko.

Vitanda 14 bado viko gerejini kwangu. Kama kuna ndugu yeyote hapa Columbus anayemuuguza mzazi nyumbani, aniandikie, nitampelekea kimoja mwenyewe Jumapili.