Mjadala: Baada ya kifo cha Orlando, chuma cha mapajani kinatosha kwenye rola kosta au mabega nayo yafungwe?

Mleta mada, Abu Dhabi

Wakuu, habari za jioni.

Tarehe 17 Septemba 2025 mwanamume wa miaka 32 alipanda Stardust Racers, rola kosta (treni ya burudani inayopanda na kushuka relini kwa kasi) ya bustani mpya ya michezo ya Epic Universe kule Orlando, Marekani. Treni iliporudi kituoni hakuwa na fahamu, na hakupona. Alikuwa anatumia kiti cha magurudumu. Uchunguzi wa mwili ulionyesha alikufa kwa majeraha mengi ya kugongwa, na ikaandikwa kuwa ni ajali. Bustani ilikuwa haijatimiza hata miezi minne tangu ifunguliwe.

Kiti cha Stardust Racers kinamshika mtu kwa chuma kimoja tu kinachoshuka mapajani. Kifuani na mabegani hakuna kitu. Tangu siku ile, kila nikitaja kwamba napenda michezo hii, naulizwa: kwa nini wasirudishe vile vyuma vya mabegani? Hata mke wangu ameniuliza. Najibu hapa, na anayepinga anipinge kwa hoja.

Mimi nasema visirudishwe.

Kwanza tuelewane ni nini hasa tunakifuata kule. Si kasi. Formula Rossa ya hapa Abu Dhabi inafika kilomita 240 kwa saa na unavaa miwani ya kukinga macho, lakini wapenzi wa rola kosta wakikaa kusimuliana, hadithi ni za kuelea. Treni inavuka kilele kwa haraka, reli imeshainama kwenda chini, na mwili wako bado unataka kwenda juu. Matako yanaachana na kiti. Kuna vilima vinavyokuinua taratibu kama umelala juu ya maji, na kuna vilima vinavyokung'oa. Steel Vengeance ya Cedar Point, Ohio, iliyofunguliwa 2018, inatangazwa kuwa na sekunde 27.2 za kuelea katika safari moja. Treni haitoki relini kwa sababu ina magurudumu mengine yanayokaa chini ya reli, ubunifu ambao John Miller aliuchukulia hataza (haki ya mbunifu) mwaka 1919. Na wewe hutoki kitini kwa sababu kuna kitu kimekushika.

Kikushike wapi sasa? Wengi wanasema begani, kwa kuwa bega liko juu. Lakini bega linapanda, linashuka, linajikunja; jaribu hapo ulipokaa. Nyonga haina uhuru huo. Chuma kikilala vizuri pale paja linapokutana na tumbo, mtu aliyekaa hana njia ya kuinuka. Ndiyo maana hata kwenye viti vyenye vyuma vya mabegani, kinachokushika ni ile sehemu ya chini inayokufikia tumboni na mapajani. Ya juu inakupa moyo tu, halafu kwenye kona inakugonga masikio. Kuna safari moja, bustani siitaji, nilitoka shingo imekaza na sikuweza kugeuka kwa siku mbili.

Tazameni Revolution, rola kosta ya bustani ya Magic Mountain, California. Mwaka 1895 pale Coney Island kulikuwa na rola kosta ya Flip Flap, yenye kitanzi (reli inayokupindua kichwa chini) cha duara kamili, ikawa inaumiza watu shingo kwa jinsi mwili unavyokandamizwa ghafla unapoingia chini ya duara lile. Mwaka 1976, kwa ajili ya Revolution hiyo, Mjerumani Werner Stengel akachora kitanzi cha umbo la tone la maji, Anton Schwarzkopf akakijenga, na watu wakapinduliwa kichwa chini wakiwa wameshikwa mapajani tu. Baadaye wakaongezwa vyuma vya mabegani. Reli ni ileile, vipimo ni vilevile, lakini watu wakaanza kulalamika vichwa vinagongwa. Mwaka 2016 wakaleta treni mpya na kurudi mapajani. Kwangu huo ni ushahidi mkubwa: umbo la reli ndilo lililomlinda mtu.

Halafu kuna Orlando hiyohiyo, Machi 2022. Mnara wa kudondoka, Orlando FreeFall, zaidi ya mita 120 kwenda juu. Kiti kilikuwa na chuma cha mabegani na hakikuwa na mkanda. Kijana wa miaka 14 mwenye mwili mkubwa aliteleza akatoka breki zilipokamata. Uchunguzi ukakuta kihisio (sensa) cha kiti kile kilikuwa kimerekebishwa kwa mkono, chuma kikaachwa wazi karibu mara mbili ya kawaida, na bado mtambo ukaruhusu safari. Chuma cha mabegani kilikuwepo, wakuu. Hakikumsaidia.

Mchangiaji, Mombasa

Kaka, nimekusoma mpaka mwisho, na nusu yake nakubali. Nusu ya pili inaniuma.

Kazi yangu ni tiba ya viungo. Umeeleza nyonga vizuri sana, lakini umeeleza nyonga ya mtu mzima wa afya. Chuma cha mapajani kinazuia usitoke kitini, basi. Kuanzia kiunoni kwenda juu kazi imeachiwa misuli yako. Treni ikikurusha mbele, tumbo linakaza, mgongo unakaza, mikono inashika, miguu inakanyaga sakafu, yote hayo kabla hujawaza. Nina wagonjwa ambao nikiwasukuma bega kwa vidole viwili wanalala ubavuni. Hao utawaweka kwenye kilima cha kung'oa?

Simzungumzii marehemu, sikumpima. Nazungumzia jambo ambalo limeonekana zamani. Julai 2011, Darien Lake, jimbo la New York: askari mstaafu aliyepoteza miguu yote miwili Iraki aliruhusiwa kupanda Ride of Steel, akarushwa nje akafa. Chuma kilichotengenezwa kushika mapaja kilipewa mtu asiye na mapaja ya kushikwa. Wewe unasema umbo la reli ndilo linalolinda. Reli ilichorwa ikimfikiria nani?

Nami sitaki vyuma vigumu vile vya kugonga masikio. Kuna fulana laini za kufunga kifua, zimeshatumika miaka mingi. Kwa nini zisiwepo kwa anayezihitaji?

Mchangiaji, London

Naingia kidogo tu. Juni 2015, Alton Towers hapa Uingereza, The Smiler: rola kosta inayokupindua kichwa chini mara 14, na vyuma vya mabegani vipo. Treni tupu ya majaribio ilikwama njiani. Kompyuta ikasimamisha treni yenye watu 16, kama ilivyotakiwa. Mafundi wakadhani mtambo umekosea, wakaipita kompyuta na kuiachia treni. Wasichana wawili walikatwa mguu mmoja kila mmoja, na mwaka uliofuata kampuni ikatozwa faini ya pauni milioni 5.

Sasa nyie mnabishana mapaja au mabega. Mimi nauliza nani ana ufunguo wa kuupita mtambo, na nani amemfundisha. Hapo FreeFall napo, kaka ameandika mwenyewe, ni mkono wa mtu uliogusa kihisio.

Mleta mada

Mkuu wa London, hilo sina ubishi nalo. Lakini mwanadamu akishafanya kosa, kiti ndicho kinachobaki. Hatuwezi kukiacha.

Dada wa Mombasa, swali lako la reli ilichorwa ikimfikiria nani nimelala nalo. Niongeze lingine dhidi yangu: Julai 2013, New Texas Giant, Six Flags Over Texas, mwanamke alianguka kutoka kiti chenye chuma cha mapajani pekee. Walipoifungua tena waliongeza mikanda. Kwa hiyo "mapajani panatosha" niliyoanza nayo naipunguza: mapajani panatosha kama chuma kimefika mahali pake kwenye mwili huo, na kuna kitu cha pili cha kushika endapo cha kwanza kitashindwa. Steel Vengeance yenyewe ina mkanda pamoja na chuma, na hakuna anayesema umeharibu kuelea.

Fulana kwa wote bado nakataa. Mwili mnene na mwili mwembamba hauvai fulana moja sawasawa, na inayoanzia begani inaweza kumdanganya mhudumu: anaiona imefunga juu, hatazami pengo la chini. Kwa anayeihitaji, sawa.

Ninachotaka ni kile kiti cha majaribio. Bustani nyingi huweka kiti kimoja nje, kabla ya foleni, lakini kinajibu swali moja tu: chuma kinafunga? Kiwekwe na cha kujibu la pili: ukiinamishwa mbele, unaweza kujirudisha mwenyewe?

Mchangiaji, Mombasa

Hapo tumekaribiana. Ila kipimo hicho asifanyiwe mwenye kiti cha magurudumu peke yake mbele ya watu, na sisi wengine tupite tukimtazama. Kila mtu akipite. Nina wagonjwa wanaotembea vizuri kabisa ambao watakifeli, na kuna mmoja wa magurudumu, mpiga kasia, kiwiliwili chake kina nguvu kuliko cha wahudumu wote. Yeye anataka kuja huko kwenu Desemba kwa ajili ya Flying Aces, rola kosta ya huko Abu Dhabi. Nimwambie nini?

Mleta mada

Mwambie aje siku isiyo ya wikendi, aanzie kwa wahudumu wa wageni langoni kabla hajakata tiketi, na aombe masharti ya Flying Aces kwa maandishi, si kwa mdomo. Aulize pia treni ikisimama juu watamshushaje, maana hilo watu husahau kuuliza. Wakimkatalia, aombe sababu inayohusu mwili wake, si kiti chake. Nitakuwa zamu ya usiku mwezi huo, kwa hiyo mchana niko huru. Nitakwenda naye.