Ujumbe wa kuingia kwenye meinframe: SEND au USSMSG10?

BintiMaweni (Malindi): Salaam aleikum jamani. Jumatatu tunawafungulia wanafunzi meinframe (kompyuta kubwa ya kutumiwa na wengi), na mkubwa wetu anataka kila anayeingia aone onyo pamoja na matangazo. Nitumie SEND, amri ya kutuma ujumbe, au nibadilishe USSMSG10, ujumbe wa skrini ya kwanza?

Kasa_Mkomani: Waaleikum salaam dada. Mfumo gani? z/OS ya IBM, au ule wa zamani, MVS 3.8, juu ya Hercules, programu inayoiga meinframe? Na onyo lionekane kabla ya nywila au baada?

MzeeTerminali: USSMSG10, basi. Ile ni skrini ya VTAM, programu inayounganisha terminali na mtambo, anaiona hata asiye na akaunti. Notisi za SEND mtu azikwepa kwa kuandika NONOTICES kwenye LOGON, amri ya kuingia. Onyo linalokwepeka lina faida gani?

Kasa_Mkomani: Mzee, lile ni jedwali la lugha ya asembla. Ukibadilisha tarehe tu, ulijenge upya, uliweke kwenye maktaba ya VTAMLIB, kisha VTAM ilisome tena. Nani atafanya hivyo kila wiki?

Fundi_Shela: Tahadharini na SEND. Ofisi niliyokuwa zamani, kila idara ilikuwa na ruhusa ya kuhifadhi notisi kwenye faili la matangazo, SYS1.BRODCAST, na hakuna aliyekuwa akifuta. Ukiingia TSO, sehemu ya kuandikia amri, unakuta tangazo la sherehe iliyokwisha pita, printa iliyokwisha tengenezwa, halafu nyota tatu chini ya skrini. Unabonyeza Enter. Nyota tena, Enter tena. Watu wakazoea kubonyeza bila kusoma. Siku likaja tangazo la kuzima mtambo saa kumi, limekaa chini kabisa ya orodha. Wahasibu walikuwa katikati ya kazi ya mwisho wa mwezi, wakakatwa, wakalala ofisini kuirudia. Lawama wakabebeshwa wao! Mpaka leo inaniuma. Wekeni mtu mmoja wa kufuta.

BintiMaweni: Pole sana kaka. Ni z/OS. Mtambo uko mbali, sisi tumepewa akaunti tu.

Kasa_Mkomani: Hilo ungelitanguliza! Basi VTAM si yako, na notisi ya kila mtu yataka ruhusa ya opereta. Waombe wenye mtambo waweke programu ndogo ya REXX kwenye proc (maagizo) ya kulogini ya wanafunzi wako, iitwe kila mtu akiingia, kwa `PARM='%KARIBU'`. Isome faili lako la matangazo, ulihariri mwenyewe.

MzeeTerminali: Bado onyo litakuja baada ya nywila. Na hilo neno KARIBU liondoe, huwezi kumkaribisha mtu unayemwonya. Taja Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya Kenya ya 2018.

Fundi_Shela: Tena liwe kwa Kiswahili, wanafunzi waelewe. Ila kwenye SEND angalieni ile alama ' ya ng': ujumbe unafungwa kwa alama hiyohiyo, kwa hiyo iandikwe mara mbili, ama sivyo amri inakatikia hapo. Na mwisho ni herufi 115.

MzeeTerminali: Onyo la kisheria liwe kwa Kiingereza, mahakamani ndiko linakosomwa.

Fundi_Shela: Mzee, Kiswahili ni lugha rasmi tangu Katiba ya 2010.

Kasa_Mkomani: Skrini ina mistari 24, zote mbili zaenea. Dada, wenye mtambo umeshawaandikia?