UKOO WA BIBI SALOME 🌽

Neema: Shikamooni wakubwa wote, wadogo mambo. Jana tulienda hifadhi ya Kitulo na wenzangu wa kanisani kuangalia maua ya okidi, nawatumia picha za okidi kidogo kidogo maana bando lenyewe linakata
Neema: [picha 6]

Shangazi Tuse: Marahaba mwanangu. Yesuuu hayo maua yote yamejiotea yenyewe???

Neema: Yenyewe shangazi, hakuna aliyepanda. Ndo maana wenyeji wanaita Bustani ya Mungu. Kuanzia mwezi wa 11 mwishoni mpaka wa 4 mvua ikiwepo yanapokezana tu, ukienda leo unakuta haya ukirudi baada ya wiki tatu unakuta mengine kabisa

Kelvin: hiyo nyekundu chini njano mbona iko hapa kwa jirani

Baba Mdogo Eze: Hiyo ni nifofia Kelvin, siyo okidi. Inapendwa sana na ndege chozi, kaa karibu nayo asubuhi utawaona. Neema hapo umechanganya madawa, picha ya 2 ni gladiolasi ya porini, ya 4 na ya 5 ndiyo okidi zenyewe

Neema: Sasa baba mdogo unajuaje maana mimi zote naona maua tu 😂

Baba Mdogo Eze: Okidi hesabu majani ya ua, matatu ya nje na matatu ya ndani, ila moja la ndani halifanani na wenzake, hilo tunaita mdomo. Nifofia ni vimirija tu vimebanana. Kisha geuza ua uangalie nyuma, ile ya 4 ukiivuta karibu utaona vimkia viwili vinaning'inia, hiyo ni satiriamu, aina ya okidi. Ingekuwa na kimkia kimoja kinachotoka kwenye kofia ya juu ningesema disa, okidi nyingine. Kitulo okidi za ardhini tu ziko aina kama 45 hapo hujahesabu maua mengine, jumla mimea ni zaidi ya 350

Shangazi Tuse: Mwl. hajastaafu huyu 😂😂

Shangazi Tuse: Neema ukienda tena nichimbulie hiyo ya pinki miche miwili mitatu niweke kwenye ndoo hapo barazani kwangu mtaa wa Forest

Baba Mdogo Eze: Dada usimtume mtoto huko. Kwanza ni hifadhi ya taifa tangu 2005, kung'oa hata ua moja ni kesi. Pili itakufia tu. Hiyo okidi chini ina viazi viwili, kimoja cha mwaka huu kinacholisha ua na kingine inachojiwekea cha mwakani, ukichimba unachukua vyote. Na mbegu zake ni unga unga hazina akiba ya chakula ndani, bila kuvu fulani wa kwenye udongo ule ule hazioti. Sasa hao kuvu utawatoa wapi kwenye ndoo ya rangi

Tumaini Tunduma: eeh hivyo viazi si ndo vya CHIKANDA, kile chakula cha Wazambia jamani au mi nachanganya

Mama Kelvin: Ndo chikanda

Tumaini Tunduma: basi huku boda ukivuka tu Nakonde upande wa Zambia wanakatia vipande barabarani, wanatwanga vile viazi vikavu wanachanganya na karanga za kusaga, pilipili, magadi, wanachemsha mpaka inaganda. Tamu balaa siwadanganyi

Bibi Salome (kwa simu ya Kelvin): Sisi hatukuwa tunakula hayo. Tulikuwa tunaona watu wanapita na viroba wanapeleka Zambia tunashangaa wanapeleka nini.

Baba Mdogo Eze: Shikamoo mama. Ndiyo hayo hayo. Kule kwao waliishachimba sana zikapungua, wakaja kununua huku kwetu, na hiyo biashara ni moja ya sababu Kitulo ikalindwa. Kuvusha okidi mpaka ni lazima kibali cha CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini. Sasa Tumaini nani kati ya hao wauzaji unamjua ana kibali

Tumaini Tunduma: 🙈 mi mlaji tu baba mdogo

Mama Kelvin: Lakini shemeji tusimlaumu tu mchimbaji, mama wa kijijini kiangazi hana hela ya daftari anaona kiazi kinanunulika unategemea nini. Anayekuja na fuso kujaza ndo wa kuulizwa

Baba Mdogo Eze: Hapo nakubali shemeji, kabisa

Kelvin: so kuziona mpaka kitulo? mi nina jumapili tu

Baba Mdogo Eze: Hapana. Panda Loleza au Mbeya Peak mwezi huu, tembea polepole kwenye majani mafupi sio msituni, angalia hasa palipoungua kiangazi. Yale maua makavu meupe na ya njano yasiyonyauka utayakuta mengi tu. Msitu wa Ngozi nako kuna okidi za juu ya miti lakini hizo inua kichwa. Na kuna habenaria nyeupe, nayo ni okidi, hiyo mchana haina habari, inanukia usiku kwa ajili ya nondo, wale kama vipepeo wa usiku

Kelvin: usiku siendi ngozi hata mnilipe

Neema: 😂😂 Jamani twendeni ukoo mzima Kitulo mwisho wa mwezi. Njia ya Chimala, tunapanda zile kona 57 mpaka Matamba, ofisi ya hifadhi iko hapo hapo

Mama Kelvin: Zile kona mimi natapika, kwani ya Isyonje haipiti?

Neema: Inapita ila na mvua hizi muulize mwenye gari kwanza. Na baridi lile mchukue makoti, juu ni mita 2600 hata jua likiwaka upepo unakata

Shangazi Tuse: Mimi niandikeni. Sing'oi kitu napiga picha tu

Baba Mdogo Eze: Picha ya mbele, ya nyuma na ya jani la chini dada, usiniletee ya mbele peke yake nikaanza kubahatisha

Bibi Salome (kwa simu ya Kelvin): Na mimi naenda. Nani ana hiace.

Tumaini Tunduma: hiace ninayo bibi, mafuta mchange