Nguo za mitindo ya zamani zinasifiwa mtandaoni lakini hazinunuliwi: nifanyeje?

Muuza Makoti, Jinja

Habari zenu, ndugu zangu. Naomba ushauri kwa wenye uzoefu wa kuuza nguo mtandaoni. Mimi nauza mitumba, ila si ya kila aina: nachagua nguo za miaka ya 1970 hadi 1990 tu, yaani makoti ya jinzi na ya kodrai, magauni ya maua yenye kola pana, mashati ya hariri na sweta za sufu. Nyingi nazipata katika soko la Owino, Kampala, asubuhi marobota yanapofunguliwa, na chache hapahapa Jinja. Huweka picha Instagram na kwenye statasi ya WhatsApp, na watu huzisifu, huweka alama za moyo na kuniuliza nimezitoa wapi; lakini wanaofika hatua ya kulipa ni wachache mno, na karibu wote ni watu wanaonifahamu. Wengine huniambia waziwazi kwamba koti ninaloliuza kwa shilingi 60,000 za Uganda watalipata Owino kwa 15,000.

Sipendi kushusha bei, kwa sababu nguo hizi nazifua, nazirudishia vifungo na kuzipiga pasi, na kila moja iko peke yake, haina ya pili yake. Je, nilipie matangazo ili niwafikie watu wasionijua, hasa walio nje ya Jinja, au kuna jambo ninalopaswa kulirekebisha kwanza?

Mwenye Duka, Kampala

Dada yangu, usilipie tangazo kwa sasa. Watazamaji unao tayari. Unayemkosa ni mtu aliye tayari kutuma pesa kabla hajaishika nguo, na mtu huyo kwanza anataka kujua kama itamtosha. Nimetazama namna wauzaji wengi wanavyoandika: "saizi M", basi. Kwa nguo za zamani maneno hayo hayamsaidii mnunuzi hata kidogo. Gauni la saizi 12 ya Uingereza ni karibu sawa na 8 ya Marekani na 40 ya nchi za bara la Ulaya, na juu ya hayo gauni lililoandikwa 12 katika miaka ya 1970 ni dogo kuliko la 12 linaloshonwa leo, kwa kuwa watengenezaji wamekuwa wakipanua vipimo huku namba ikibaki ileile.

Kwa hiyo laza nguo juu ya meza, ifunge vifungo au zipu, uinyooshe bila kuivuta, kisha upime kwa tepu kutoka kwapa hadi kwapa, upana wa kiuno, upana wa nyonga, bega hadi bega, urefu wa mkono, na urefu wote kuanzia juu ya bega hadi kwenye pindo. Andika kwa sentimita, na useme wazi kwamba ni vipimo vya nguo ikiwa imelazwa, maana yupo atakayesoma kiuno sentimita 36 akadhani ndiyo mzunguko, kumbe mzunguko ni 72. Kisha mwombe mteja achukue nguo yake inayomkaa vizuri, ailaze vilevile na alinganishe. Ukifanya hivyo, maswali mengi yanayoishia hewani yatakoma, kwa sababu mteja amekwisha kujijibu kabla hajakuandikia.

Kuhusu picha, tumia mwanga wa asubuhi karibu na mlango ulio wazi, kati ya saa mbili na saa nne, kwani taa za ndani hubadilisha rangi, na mteja akipokea kahawia alipotarajia nyekundu iliyoiva hatarudi tena. Tundika shuka nyeupe ukutani. Picha ya kwanza ionyeshe nguo nzima bila mapambo, ya pili ikiwa imevaliwa na mtu ambaye urefu wake umeutaja, halafu zifuate lebo, mshono, na kila kasoro kwa karibu sana. Kumbuka kwamba tangu Julai 2021 data ya intaneti hutozwa ushuru wa asilimia 12, kwa hiyo video ndefu inamgharimu mteja wako. Picha tano zilizo safi zinamfaa kuliko video ya dakika tatu.

Jambo la mwisho kwa leo: andika bei hadharani. Ukimwambia mtu "njoo faragha nikutajie bei", mgeni huhisi kwamba kila mmoja anatajiwa yake, naye huondoka bila kuaga.

Fundi Cherehani, Mbale

Nakubaliana na mwenye duka, ila hoja ya Owino haijajibiwa bado, nami naiona kuwa ndiyo kiini cha tatizo lako. Anayesema atapata koti hilohilo kwa 15,000 hajaonyeshwa ni kwa nini lako si hilohilo. Usiandike "ya zamani" tu. Andika umri wa nguo pamoja na ushahidi wake.

Tuchukue kwa mfano nguo za Levi's, kampuni ya jinzi ya Marekani. Kile kitambaa chekundu kidogo kilichoshonwa ubavuni mwa mfuko kiliandikwa jina la kampuni kwa herufi kubwa zote hadi mwaka 1971, na tangu hapo herufi "e" imekuwa ndogo. Hata hivyo, usitangaze kwa kutegemea alama hiyo peke yake, kwa sababu kampuni yenyewe hutoa upya mitindo yake ya kale na kuirudishia "E" kubwa. Pindua nguo uitazame ndani. Marekani iliwalazimisha watengenezaji kuweka maelekezo ya ufuaji kwenye nguo kuanzia mwaka 1972. Nguo ya huko isiyo na lebo hiyo, wala nyuzi zinazoonyesha kwamba ilikuwepo ikakatwa, huenda ni ya kabla ya hapo. Lebo inayotaja Ujerumani Magharibi nayo inakupa mpaka, maana nchi hiyo iliungana na ya Mashariki Oktoba 1990. Kwenye fulana tazama pindo la chini na la mikono: mshono wa mstari mmoja ulikuwa wa kawaida hadi katikati ya miaka ya 1990, kisha mistari miwili ikatawala. Alama moja isikutoshe. Tafuta mbili au tatu zinazokubaliana, uzipige picha, ueleze kwa sentensi mbili. Mtu akisoma maelezo ya namna hiyo haulizi tena habari za 15,000, kwa kuwa amekwisha kuona kwamba analipia jicho lako na kazi yako pia.

Ombi langu kama fundi: zipu ya shaba ikikwama, usikimbilie kuing'oa na kuweka ya plastiki. Ipake mshumaa kwenye meno yote, uivute taratibu juu na chini, nyingi hufunguka. Na ukibadilisha kifungo au kupunguza pindo, sema; wapenzi wa nguo hizi wanajali sana kama nguo bado ina viungo vyake vya asili.

Mnunuzi, Gulu

Mimi si muuzaji. Nimeandika kama mtu anayenunua nguo za aina hii kutoka Kampala na kwingineko. Niliwahi kutumiwa gauni lenye madoa ya jasho kwapani, ambayo hayakuonekana katika picha hata moja, na nilipomwandikia muuzaji alinyamaza kabisa. Tangu wakati huo namnunulia yule tu anayeonyesha kasoro mwenyewe. Nikikuta picha ya tundu dogo kwenye kiwiko, na pembeni sarafu ili nijue ukubwa wake, nasadiki hata yale mambo mengine aliyoyaandika.

Kuhusu malipo, wateja wa mbali tunaogopa kutuma pesa kwa namba ambayo jina linalojitokeza halifanani na la biashara. Pata namba ya malipo ya wafanyabiashara, kama vile MoMoPay ya MTN, au angalau utaje mapema jina litakaloonekana tunapolipa. Andika pia kwamba mzigo utatumwa kwa basi, nani atalipia usafirishaji, na kwamba utatutumia picha ya risiti siku hiyohiyo. Kama unakubali kurudishiwa nguo isiyolingana na maelezo, sema ni ndani ya siku ngapi. Mimi hulipa zaidi kwa muuzaji aliyeandika hayo yote, wala sioni kwamba nimeibiwa.

Na lipo suala ambalo wauzaji hulikwepa. Tangu Agosti 2023, Rais Museveni aliposema akiwa Mbale kwamba mitumba ni nguo za wazungu waliokufa na kwamba itapigwa marufuku, mama yangu hakubali niingize nguo hizi nyumbani kabla hajauliza zimetoka wapi. Msimcheke mteja mwenye wasiwasi huo. Mweleze kwamba kwa sehemu kubwa hizi ni nguo zilizotolewa na watu waliozichoka, kisha mwambie umezifua vipi. Harufu ya robota inapotoka mfukoni, hakuna maelezo yatakayomtuliza.

Muuza Makoti, Jinja

Asanteni sana, nimejifunza mengi. Vipimo nitaanza kuviandika kwa nguo zote zilizopo, na zile lebo nilikuwa nazitazama bila kuzipiga picha. Nina maswali mawili. La kwanza, je, nifungue ukurasa wa Facebook pia? La pili, nifanyeje na wale wanaosema "niwekee, nitalipa mwisho wa mwezi", kisha wanapotea huku nimewanyima wengine?

Mwenye Duka, Kampala

Facebook ilifungwa hapa nchini Januari 2021 wakati wa uchaguzi, na wengi wamekuwa wakiifikia kwa VPN, yaani programu ya kukwepa kizuizi hicho. Wapo wateja huko, lakini kwa mtu anayefanya kazi peke yake kama wewe, ningeacha nguvu zibaki Instagram na WhatsApp, na muda uliobaki utumike kupiga picha vizuri. Ongeza TikTok pale tu utakapokuwa na nguo zinazovutia zikiwa mwilini: sketi inayozunguka au koti refu linaonekana vizuri zaidi mtu akitembea nalo.

Usiweke nguo mojamoja kila siku. Zikusanye, uzifue zote, kisha utangaze siku tatu kabla kwamba Ijumaa saa mbili usiku utaweka makoti kumi na mbili, na uonyeshe vipande vya picha tu, kola moja hapa, kifungo kimoja pale. Chagua Ijumaa iliyo karibu na mshahara. Wewe uko Jinja, kwa hiyo tamasha la muziki la Nyege Nyege linapokaribia weka mbele mashati ya rangi kali na makoti yenye mapambo, maana vijana wanaokuja huko hutafuta vazi ambalo mwenzake hana.

Kuhusu kuwekewa, sheria iwe moja kwa kila mtu, hata kwa jamaa: anayelipa nusu anawekewa siku saba, asiyelipa hawekewi. Iandike juu kabisa ya ukurasa. Nguo ikiuzwa, usiifute; andika "imeuzwa" na uiache pale pamoja na bei yake, ili mgeni anayefika leo aone kwamba koti la 60,000 lilipata mwenyewe. Mteja akikutumia picha amelivaa, mwombe ruhusa ya maandishi kabla hujaiweka, kwa kuwa tuna sheria ya ulinzi wa data na faragha tangu 2019, na wapo wasiopenda kabisa sura zao zionekane dukani kwa mtu.

Tangazo la kulipia lingoje hadi wasiokujua waanze kununua wenyewe. Wakati huo ulipie lile chapisho ambalo tayari limekuuzia nguo, uwalenge watu wa Kampala, Entebbe na Mbarara, na uanze na kiasi ambacho faida ya koti moja inaweza kukirudisha.