1HZ kwenye milima ya Kigezi: tabo, 1HD-T, au kuirudisha ilivyokuwa?

Kigezi80
Wanajamvi, naomba mnipimie. Land Cruiser HZJ80, injini 1HZ, kilomita 340,000, matairi 285/75R16, keria ya chuma juu. Barabara tambarare haina neno. Ikitoka Kabale kwenda Kisoro, huku kusini magharibi mwa Uganda, na watu saba, mlima wa Kanaba unapandwa kwa gia ya pili, moshi mweusi nyuma, mshale wa joto unasogea. Njia zilizopo mezani ni tatu: kufunga tabo (turbo, ya kuisukumia injini hewa zaidi), kuweka injini ya 1HD-T yenye tabo tangu kiwandani, au kuikarabati hii hii na kuiacha ilivyo. Ipi ina maana huku kwetu?

grisi_mkononi
Ndugu, hayo ni magonjwa mawili, yatenganishe. Nguvu kwanza: injini isiyo na tabo hupoteza karibu asilimia 10 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Kabale iko mita 2,000 hivi na Kanaba iko juu yake, kwa hiyo farasi 130 za 1HZ zinafika huko zimebaki kama 100. Pampu yenyewe, kama haina kile kifaa cha kupunguza mafuta milimani, inaendelea kumimina dizeli kana kwamba uko Mombasa. Huo moshi ni dizeli iliyokosa hewa, na ndiyo inayopandisha joto la ekzosi.

Matairi nayo: 285/75 ni makubwa kwa karibu asilimia 5 kuliko 275/70R16. Ni kama umerefusha gia zote bila kujua.

Joto ni habari nyingine, anza na feni. Zima injini ikiwa moto, kisha zungusha feni kwa mkono. Ikizunguka raundi kadhaa kwa ulaini, mafuta ya silikoni ndani ya klachi yake yamechoka. Halafu tenganisha rediata na kondensa ya AC, usioshe kwa mbele tu. Vumbi la Karamoja na mbegu za nyasi hukaa katikati ya hizo mbili kama blanketi, na ukitazama kwa mbele huoni kitu.

MzeeDizeli
Mimi ni wa tabo, ila si tabo ya kila mtu. Uwiano wa mgandamizo wa 1HZ ni zaidi ya 22 kwa 1, na dizeli huanza kuungua kwenye kijichumba kilichomo ndani ya hedi. Joto linajikusanya hapo, na ndiyo maana hedi hupasuka kati ya vali na hicho kijichumba. Ukivuka psi 8 za msukumo wa hewa ya tabo unacheza na hedi.

Kosa ninaloliona zaidi ni skrubu ya mafuta. Pampu ya 1HZ haina kiwambo kinachosubiri tabo ijaze hewa ndipo kiongeze dizeli. Ukifungua skrubu, mafuta yanaongezeka hata kwenye raundi 1,200 tabo ikiwa bado imelala. Kwa hiyo funga tabo kwanza, USIGUSE skrubu, endesha wiki mbili. Mlimani tabo inarudisha hewa uliyoipoteza, na moshi mwingi utaisha bila kuongeza tone.

Kipimajoto cha ekzosi ni lazima. Toboa manifoldi kabla ya tabo, mahali moshi wa silinda zote unapokutana. Shusha manifoldi mezani. Ukishindwa kabisa, paka grisi nene kwenye keekee ili vumbi la chuma ling'ang'anie hapo, maana chembe moja ikifika kwenye feni ya tabo umeliwa. Mlima mrefu usivuke nyuzi 650. Ukifika hapo punguza mguu na shuka gia.

Bomba la kurudisha mafuta kutoka tabo literemke moja kwa moja hadi sampu, liingie juu ya usawa wa oili. Likipinda, oili inarudi nyuma na kuvuja kwenye sili, halafu fundi anakwambia tabo ni mbovu.

hedi_ngumu
Mzee, hiyo yote ni kuilazimisha injini kazi isiyoundiwa. 1HD-T ina lita 4.2 zilezile, lakini dizeli inaingia moja kwa moja juu ya pistoni, mgandamizo ni 18.6 kwa 1, na pampu yake ina hicho kiwambo. Kwenye 80 inakaa kwenye mikono ileile ya injini na gia boksi ileile.

Shida ni kuipata nzima. Tangu sheria ya 2018, gari la zaidi ya miaka 15 haliingizwi Uganda, kwa hiyo unanunua injini tupu iliyotoka kwenye gari usilolijua. Kabla haijaingia garini, shusha sampu ubadilishe beringi za konrodi zote sita, hata zikionekana nzuri. Huo ni udhaifu wake unaojulikana, na beringi ikizunguka, kranki nayo inaharibika. Nati kaza Nm 37, halafu geuza nyuzi 90. Tazama pia stata: nyingi za Japani ni za volti 24. Na namba ya injini kwenye logibuku ibadilishwe, usije ukasimamishwa barabarani ukaanza kueleza.

grisi_mkononi
Wote mnaruka hatua. Pima mgandamizo kwanza. Toa plagi zote za joto, chomoa waya wa solenoidi ya kukata mafuta, betri zijae, pima silinda moja moja. Kitabu kinasema psi 540 kwa injini nzuri, kikomo cha chini 384, tofauti kati ya silinda isizidi 71. Ila vitabu havikuandikwa Kampala: mita 1,200 hewa ni nyepesi, hata injini nzima itasoma kama 470. Usishtuke.

Kigezi80
Asanteni. Fundi amepima leo, Kampala: 475, 470, 480, 395, 465, 470.

MzeeDizeli
Basi tabo iahirishwe. Silinda ya 4 bado iko juu ya kikomo cha chini, lakini iko nyuma ya ile ya juu kabisa kwa 85, na mwisho ni 71. Ukiisukuma hivyo, hiyo ndiyo itakayoenda kwanza.

hedi_ngumu
Hapo naona sababu ya kubadili injini.

grisi_mkononi
Mapema mno. Tano zinakaribiana vizuri, na hiyo ni injini yenye afya kwa kilomita hizo. Ule ujanja wa bei nafuu wa kumwaga oili kwenye silinda usiutumie: kwenye dizeli nafasi ya juu ya pistoni ni ndogo mno, oili yenyewe itapandisha namba na kukudanganya.

Fungua kava ya vali injini ikiwa baridi, uingize fila (vibamba vyembamba vya kupimia nafasi ya vali). Vali ya kuingiza hewa iwe na nafasi ya 0.15 hadi 0.25 mm, ya ekzosi 0.35 hadi 0.45. Vali ya ekzosi hujichimbia kwenye kiti chake polepole, nafasi inaliwa, mwishowe vali haifungi sawasawa. Ikiwa vali ya ekzosi ya silinda ya 4 inasoma 0.20 au chini, badilisha shimu (kisahani kinachopanga hiyo nafasi), zungusha injini kwa mkono mara mbili, pima tena mgandamizo. Ikibaki 395, ingiza hewa ya kompresa kupitia tundu la plagi huku vali zimefungwa, usikilize: ikipumua kwenye ekzosi ni vali, kwenye kifuniko cha oili ni ringi. Lete namba.