Wadau wa Iringa, wapi naweza kulala na Hiace kando ya mto msimu huu wa ulanzi (pombe ya mwanzi)?

Haisi_ya_Dom:
Wakuu habari za jioni. Niko Dodoma, nina Hiace ya zamani nimeng'oa siti zote za nyuma nikaweka kitanda, jiko la gesi mtungi mdogo, sola juu na betri moja ya taa na kuchajia simu, sio ile ya wazungu ila mimi na mama watoto tunalala vizuri tu. Sasa tumechoka kuzurura humu humu. Zabibu tunazo, wine tunayo, ila mito ya kwetu mnaijua, mchanga mtupu mpaka mvua inyeshe na ikishanyesha siku mbili mbele mchanga tena. Tunataka usiku mbili kando ya mto unaotiririka kweli, hatutaki hoteli hatutaki mziki, asubuhi chai jioni ulanzi basi. Tunakuja mwisho wa mwezi wa pili kwa njia ya Mtera. Nipaki wapi?

Mnyalu_wa_Ipogolo:
Kamwene mkuu! Msimu umeulenga wenyewe. Ukifika Iringa mjini shuka mpaka Ipogolo, shika njia ya Morogoro kama kilomita 13 hivi, kuna kambi inaitwa Riverside, iko kando ya Ruaha Mdogo, wenye magari ya kulala ndani wanaoshuka Zambia wanapajua siku nyingi. Piga simu kwanza usije kichwa kichwa.

Kuhusu ulanzi, tafuta wa asubuhi. Mgemaji anakata ncha ya chipukizi la mwanzi anatundika mbeta, kile chombo cha kukingia, asubuhi na jioni anapita kukinga na kukata tena kidogo ili uendelee kutoka. Ule uliotoka mbeta sasa hivi ni mtamu hata mama watoto ataupenda, hauwekwi hamira wala nini, unachacha wenyewe. Ulanzi ukilala ndo unakuwa mkangafu, yaani mkali, na mkangafu huwa hausemi, unaongea vizuri na watu halafu unataka kusimama unakuta miguu imeshalala. Nyie wa Dom mmezoea chupa yenye asilimia pembeni, huku unauliza tu "umegemwa lini?"

gesti_ni_elf15:
Mtu ana hela ya mafuta ya kutoka Dodoma halafu anaenda kulala na mbu mtoni 😂😂

MamaKibaoni:
Muache mwenzio apumzike, we endelea kusikiliza tv ya chumba cha pili.

Kaka Haisi_ya_Dom ngoja nikwambie kitu hawa hawakwambii, ulanzi unatoka kwa sababu ya mvua. Maana yake huo mwezi wa pili mto nao umeshiba. Sisi mwaka juzi tulikwepa kulipia kambi tukapaki kwenye nyasi nzuriii karibu na kijito upande wa Ifunda, jioni kweupe kabisa hata wingu hakuna, kumbe juu huko inanyesha, saa kumi usiku mume wangu anashuka kwenda kujisaidia anakanyaga maji. Gari halikutoka mpaka vijana wanane waje kusukuma na tope lote lile. Kwa hiyo paki kwenye mwinuko, pua ya gari iangalie barabara, na kama sio kambi nenda kwa mwenyekiti wa kijiji kwanza ujitambulishe, akikujua yeye umejulikana na wote. Usioge mtoni, kichocho kipo.

Na ukirudi na ulanzi USIKAZE KIFUNIKO. Tulijaza chupa za maji za lita moja na nusu, tano, tukakaza, tukaanza kuteremka kuelekea Mtera kule kwenye joto. Ya kwanza ikapasuka mume wangu akadhani tairi, akasimamisha gari anazunguka anapiga piga matairi kwa mguu, ya pili ikapasuka yuko nje. Trafiki alivyoingiza pua dirishani alituangalia kama dakika nzima hajaongea, na dereva alikuwa hajaonja hata tone. Godoro lile tulikuja kuligawa.

Mhehe_Ughaibuni:
Hahaha dada nimecheka peke yangu. Mimi niko Ujerumani, huku kuna mto Mosel, mashamba ya zabibu yamepanda kwenye miteremko mikali kama Kitonga na chini kabisa maji yanapita. Watu wanapaki magari yao ukingoni, jioni wanatembea mpaka kwa mkulima mwenyewe kuonja, wanarudi kwa mguu kulala. Uzuri ni huo wa kurudi kwa mguu, kwa hiyo mkuu ukishapaki pale Ruaha usiwashe tena gari kufuata ulanzi, uufuate kwa miguu au uletewe. Na huo Mosel nao hufurika kipindi cha baridi, maji yakipanda wanaambiwa watoe magari.

Haisi_ya_Dom:
Asanteni sana wakuu. Nimemsomea mama watoto hapo kwenye godoro, amesema ulanzi utakaa kwenye dumu, dumu litafungwa juu ya keria kifuniko kimelegezwa, na akisikia "pwaa" hata moja nitarudi nao mwenyewe kwa basi. Kambi nimeshapiga. Mnyalu, nikuletee nyekundu au nyeupe?

Mnyalu_wa_Ipogolo:
Nyekundu, mbili. Moja ya mwenyekiti.